Wasifu wa Shosho na madaftari matatu meusi

Nahariri wasifu wa marehemu. Hapa Nairobi ni kazi isiyokauka: familia huja na rasimu kwenye simu, mazishi ni Ijumaa, na jamaa wa kuchapisha kule River Road anataka kila kitu kabla ya Jumatano saa sita. Nyingi ya hizo rasimu hunyoosha tu sarufi nikaziachilia. Hii ninayoichambua ilichukua wiki nzima, ikazua ugomvi wa ndugu wawili, na mpaka leo ina sehemu ambayo haijakwisha. Majina yote nimeyaacha. Kanisa ni la Kianglikana, haliko mbali na Jogoo Road, na hayo yanatosha.

Marehemu alikuwa mama wa watoto saba. Wajukuu walimwita Shosho, na mtaa mzima ukafuata. Alikuja mjini Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau ilipokwisha, mwaka 1960, kumfuata mumewe aliyekuwa kibarua wa reli, wakakaa Makongeni katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Mume alikuwa mnywaji. Mke alikuwa mtu wa kanisa, na zaidi ya hapo alikuwa wa ndugu wa Uamsho, wale wanaosalimiana kwa "Bwana asifiwe" na kuimba Tukutendereza hata kama hawajui Kiganda kingine chochote.

Rasimu ya kwanza iliandikwa na binti yake wa pili, mwalimu mstaafu, mtu wa mpangilio. Ilikuwa na vichwa vile vile vya kila wasifu unaosomwa katika jiji hili: Kuzaliwa, Elimu, Ndoa, Maisha ya Kiroho, Ugonjwa, Shukrani. Chini ya Maisha ya Kiroho alikuwa ameandika hivi:

"Mama alikuwa mcha Mungu, mpole, mkarimu na mwenye upendo kwa wote. Alijitolea katika kazi ya Bwana bila kuchoka. Alikuwa mwanachama mwaminifu wa Mothers' Union tangu miaka ya sitini. Mothers' Union ilianzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876 ili kuimarisha ndoa na malezi ya Kikristo..."

Aya hiyo iliendelea na Mary Sumner mpaka mwisho wa ukurasa. Nilisoma mara mbili nikitafuta Shosho yuko wapi. Ukilitoa jina lake, wasifu huo ungemfaa mama mwingine yeyote aliyekuwa anazikwa Ijumaa hiyo hiyo, na Ijumaa za Nairobi haziko tupu. Silaumu. Mtu aliyefiwa na mama yake juzi hana nguvu ya kutafuta maneno mapya, hushika yaliyo karibu. Lakini pia nilihisi kwamba aya ile ilikuwa imeandikwa na mtu anayezunguka jambo fulani asilitaje.

Madaftari

Siku ya pili alikuja mjukuu, binti wa huyo mwalimu. Yeye ndiye aliyerithi jina la Shosho, kwa hiyo mjomba wake, kifungua mimba wa marehemu, humwita Mami, kama desturi inavyotaka. Alikuwa amebeba mfuko wa karatasi wenye kaunta buku tatu, zile za jalada jeusi na mgongo mwekundu. Zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, zimefungwa kwa leso. Hakuna aliyejua zipo.

Ndani yake mna mistari mifupi, kalamu ya wino wa buluu, herufi ndogo za mtu aliyesoma darasa chache na kuzitumia zote. Tarehe, mtu au nyumba, kitu, pesa. "Mke wa mlinzi, sukari na unga." "Yule msichana wa nyumba ya kona, nguo za kichanga, 150." "Mama wa makaa, bili ya hospitali, tulichanga wanne." Wengi wameandikwa kwa majina kamili, na wengine kwa namba ya nyumba, jambo ambalo katika mtaa wa namna ile ni sawa na jina. Kila mwisho wa mwaka amejumlisha, akapiga mstari, akaandika mstari wa Zaburi.

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu sijawahi kuona historia ya Nairobi ikiandikwa hivi. Kila Januari mpaka 2002 kuna mistari ya shule ya msingi: karo, pesa za jengo, dawati. Januari 2003 serikali mpya ya Kibaki ikafuta karo za shule za msingi, na mistari hiyo ikakatika pale pale kama imekatwa kwa makasi. Mahali pake pakaja viatu, sweta, halafu miaka michache baadaye karo za sekondari, kubwa zaidi na kwa watoto wachache zaidi. Mistari ya bili za akina mama waliojifungua, ambao hawakuruhusiwa kutoka wodini mpaka walipe, inajaa madaftari yote mawili ya kwanza na kuingia la tatu, kisha inapungua na kukoma baada ya Juni 2013, malipo ya uzazi yalipoondolewa katika hospitali za umma.

Na kuna miaka ya tisini. Mwezi ambao zamani ulikuwa na mistari mitatu sasa una kurasa mbili, na karibu yote ni neno moja: matanga. Vijana wa nyumba hii, mke na mume wa nyumba ile, wakipishana kwa miezi. Chanzo hajakiandika hata mara moja. Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa Novemba 1999. Daftari la Shosho lilikuwa limeshalijua hilo kwa miaka, na halikulitaja.

Mjukuu alitaka tuchapishe kurasa nne za madaftari hayo ndani ya kijitabu, katikati, kwa rangi. Zaidi ya hapo, alitaka siku ya ibada majina yasomwe, kila aliyesaidiwa asimame. "Watu waone alikuwa nani," alisema. Alikuwa na andiko lake tayari: Mithali 31, ule mstari wa mwisho unaosema matendo ya mwanamke huyo yamsifu malangoni. Nakiri sura hiyo nimeisikia ikisomwa juu ya majeneza mengi mno, na mara nyingi inasomwa kama cheti. Lakini binti huyu alikuwa ameisoma mpaka mwisho, na mstari wa mwisho kweli unasema hivyo.

Kifungua mimba

Mjomba alikataa. Ni mzee sasa, fundi mstaafu, haendi kanisani isipokuwa kwa harusi na mazishi. Nilishangaa yeye ndiye aliyeleta Mathayo 6, mkono wa kushoto usijue utendalo mkono wa kulia. Mpwa wake alimwambia, kwa heshima lakini bila kurudi nyuma, "Anko, hiyo ilikuwa ya yeye akiwa hai. Sasa ni sisi tunaosema." Mzee alinyamaza, akavuta daftari la kwanza, akalipekua akijua anachotafuta, akaweka kidole kwenye Januari moja ya miaka ya sabini.

"Soma hapo, Mami."

Ilikuwa karo ya muhula mmoja ya kijana wa jirani.

"Mwaka huo ndio niliingia form one. Nilienda na viatu vya kuazima. Vilikuwa vya baba ya rafiki yangu, nilivijaza magazeti mbele visinitoke. Sasa unataka nikae mbele kwenye kiti cha familia, nisomewe hiyo watu wakipiga makofi?"

Katika kazi yangu nimekutana na uchungu huu zaidi ya mara moja, na hauandikwi kamwe. Mama wa kanisa huwa mama wa watu wengi, na wanawe wa tumbo huingia kwenye foleni. Rasimu ya dada mtu iliandika "mkarimu kwa wote" ili kupita juu ya hapo haraka. Sasa nikaelewa ni nini kilikuwa kinazungukwa. Kumbe ni mambo mawili.

La pili lilitoka jioni hiyo hiyo kwenye maombi, nyumbani. Binti mwalimu alisoma rasimu mbele ya watu ili isahihishwe, kama ilivyo kawaida. Alipofika "mwanachama wa Mothers' Union tangu miaka ya sitini," bibi mmoja wa ushirika, wa rika la marehemu, akacheka kwa sauti. "Hata! Huyo alitupikia chai miaka hiyo yote. Beji aliipata tukiwa tumeshazeeka."

Ukweli ulikuwa hivi. Shosho na mumewe walioana kwa mahari, kwa njia ya wazee. Ndoa haikubarikiwa kanisani mpaka watoto saba wamezaliwa na mzee ameacha pombe. Mothers' Union huku kwetu miaka hiyo haikumpokea mama ambaye ndoa yake haikufungwa wala kubarikiwa kanisani. Kwa hiyo kwa miaka mingi alifagia ukumbi, alipika chai, alikwenda wodini pamoja nao, kisha wenzake wakiingia kwenye mkutano wa wanachama yeye akabaki jikoni. Binti yake aliona aibu hilo kutajwa mbele ya makasisi na wageni, ndipo tarehe ikarudishwa nyuma miaka kadhaa, na Mary Sumner akaitwa kuziba pengo.

Kilichokuwa kimegeuzwa

Ili kuelewa kosa la rasimu lazima umwelewe mtu wa Uamsho. Vuguvugu hilo lilianzia Gahini nchini Rwanda, likaingia Kenya mwaka 1937, na wakati wa Hali ya Hatari lilijulikana kwa watu waliokataa kiapo cha Mau Mau hata kama kukataa kungewagharimu maisha, na baadhi yao kukawagharimu. Lakini kwa wengi waliobaki, alama yake ya kila siku ilikuwa ndogo zaidi na ngumu zaidi: kutembea nuruni. Mtu husimama mbele ya ndugu, akataja jina, akataja alipookoka, kisha akasema alilokosa wiki hiyo. Akiwa amemkosea mtu, humwendea. Kuna waliorudisha majembe ya serikali na vijiko vya waajiri wao. Ndugu hawafichi dhambi zao. Wanaficha nini? Waliyotoa.

Shosho alikuwa hivyo hasa. Yule bibi aliyecheka kwenye maombi, nitamwita bibi wa chai, alituambia kwamba hadithi ya ndoa iliyochelewa aliisimulia mwenyewe kila alipotoa ushuhuda, na aliisimulia akicheka. Makosa yake yalikuwa hadharani kwa miaka mingi. Sadaka zake zilikuwa chini ya kitanda, ndani ya leso. Familia, kwa mapenzi mema kabisa, ilikuwa inafanya kinyume chake: inaficha alichokitangaza na kutangaza alichokificha. Binti alikuwa anashughulika na nusu moja, mjukuu na nusu nyingine, na hakuna aliyeona kwamba ni kosa moja.

Nilipowaambia hivyo, mjukuu aliuliza swali zuri: basi tuseme nini? Tukinyamaza juu ya matendo tunarudi kwenye "mcha Mungu na mpole."

Nilimwelekeza Matendo 9, kwa Dorkasi wa Yafa. Dorkasi amekufa, Petro ameitwa. Ukiisoma haraka unakimbilia muujiza. Soma kabla yake. Wajane wamesimama wakilia na kumwonyesha Petro kanzu na nguo ambazo Dorkasi aliwashonea. Hakuna mtu wa familia anayesoma orodha ya wajane, na wala mzee wa kanisa hawaiti wasimame mmoja mmoja. Nguo ni zao, wamezishika wenyewe, na aliyetaka kubaki nyumbani na nguo yake alibaki. Mithali 31 na Mathayo 6 hazigombani tena ukiiweka hadithi hiyo katikati: matendo yanasifu malangoni, ila anayeyaleta malangoni ni yule aliyetendewa.

Hilo lilitupa kanuni ya kufanyia kazi. Yale ambayo Shosho alisema kwa kinywa chake kuhusu maisha yake tunaweza kuyaandika. Aliyoyaandika kuhusu wengine tunayataja kwa aina yake, bila mtu. Na wenye habari zao wapewe nafasi, wasiombwe.

Kikabaki kiatu. Je, malalamiko ya mwana yaingie? Mwalimu alisema hapana kabisa, huwezi kumshtaki marehemu kwenye jeneza lake. Nilikuwa naelekea kukubaliana naye, kwa sababu kwa kanuni yetu habari hiyo ilikuwa ya mwana, si ya mama. Ndipo bibi wa chai akamuuliza mzee, "Kwani hakukujia?" Mzee akachukua muda. Akasema ndiyo, alikuja, miaka mingi iliyopita, gereji alikokuwa akifanya kazi, akasimama mlangoni na kibeti chake akamwomba msamaha kwa habari ya viatu. "Nilimwambia ni sawa, mum, niko na kazi. Nikajua ni yale mambo yao ya wokovu." Bibi akamwambia kwamba kabla ya kuja gereji alikuwa amelisema mbele ya ushirika mzima, na walimwombea apate ujasiri wa kwenda.

Kwa hiyo viatu vilikuwa ushuhuda wa Shosho. Vikaingia, na mzee ndiye aliyetaka viingie. Sehemu ya Maisha ya Kiroho ikawa hivi:

"Mama alihudumu kanisani kabla kanisa halijampa beji. Ndoa yake ilibarikiwa baada ya mtoto wa saba, na miaka yote kabla ya hapo aliwapikia chai akina mama wa Mothers' Union bila kuwa mmoja wao. Alilisimulia hilo mwenyewe. Jumatano mchana alikuwa wodini. Alilipa karo, bili na matanga ya watu ambao hatutawataja, kwa maana yeye hakuwataja. Sisi wanawe wakati mwingine tulikosa, na tulimkasirikia. Mmoja wetu aliingia kidato cha kwanza na viatu vya kuazima. Mama alimwomba msamaha mbele ya ndugu na mbele yake."

Mary Sumner aliondoka. Ukurasa uliobaki wazi tuliweka picha ya sufuria ya chai ya kanisa, ile kubwa ya alumini iliyobonyea ubavuni, ambayo kasisi alisema bado inatumika.

Jioni ya ushuhuda

Majina hayakusomwa. Ibada yenyewe isingekuwa na nafasi hata tungetaka: kasisi alitoa dakika kumi kwa wasifu, na wanasiasa wawili walikuwa wameshatuma watu kuuliza watasalimia saa ngapi. Tukatumia maombi ya jioni. Aliyeongoza alisema tu kwamba mwenye neno juu ya Shosho aseme, kisha akakaa.

Walisema watu wachache, na si wote walisema vizuri. Dereva mmoja wa matatu alieleza karo yake kwa undani hadi akaingia kwenye siasa za sako yake. Kisha mama mmoja wa makamo alisimama na binti yake, akasema Shosho alimtoa hospitalini akiwa na huyu, mtoto wa siku tisa, bili ikiwa imemshinda na baba ametoroka. Binti aligeuka akamtazama mama yake. Ilionekana wazi hakuwa ameisikia habari hiyo. Nilijiuliza wakati huo, na bado najiuliza, kama hata kanuni yetu ilimlinda yule msichana. Habari ya mama ilikuwa yake pia, na yeye hakuulizwa. Jibu kamili sina. Nadhani walau aliisikia kwa mama yake, mkono ukiwa begani, badala ya kuikuta kwenye kijitabu cha rangi kilichogawiwa watu mia tatu.

Na kulikuwa na mtu aliyekaa kimya jioni zote. Jina lake limo katika daftari la pili mara nyingi kuliko jina lolote, miaka minne mfululizo. Mjukuu alijua, nami nilijua. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mtu mwenye gari kubwa na sauti ya kuamuru, ndiye aliyekuwa akigawa kazi na kuwakemea vijana wa hema. Mchango wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mtu yeyote, na aliuandikisha kama "rafiki wa familia." Baada ya jioni hiyo mjukuu hakurudia tena suala la kusoma majina.

Ambalo halijakwisha

Madaftari yenyewe bado ni tatizo. Mwalimu anataka yachomwe: mama aliyaficha, basi yafichwe moja kwa moja. Mjukuu anasema Shosho alikuwa na jiko la makaa na miaka ya kutosha kuyachoma mwenyewe, na hakuyachoma. Alijumlisha kila mwaka, akayafunga kwa leso, kwa hiyo alitaka mtu ayakute. Mimi niko upande wa mjukuu, ingawa sina ushahidi wa alichotaka Shosho. Najua tu kwamba miaka ya tisini ya mtaa ule haimo popote pengine, na kwamba hayafai kusomwa na mtu mwingine mpaka waliomo wawe hawapo.

Kanisa lilituma ujumbe likiomba liyahifadhi kwenye kabati la ofisi, kwa ajili ya kumbukumbu za parokia. Ni ombi jema. Ila ufunguo wa kabati hilo unashikwa na karani, karani anakaa mtaa ule ule, na mama yake yumo ukurasa wa pili. Wanafamilia hawajakubaliana juu ya jambo lingine lolote, lakini kwa hilo wote, pamoja na mzee wa viatu, walijibu siku hiyo hiyo: hapana.